Kisiwa Kilichopiga Hodi

Katika nchi ninayoieleza mambo yote huenda vizuri, na yale yasiyokwenda vizuri huundiwa kamati mpaka yaende. Sitaitaja nchi hiyo, si kwa woga, bali kwa sababu jina lake lilikuwa likifanyiwa marekebisho wakati nilipokuwa huko. Nilikuwa karani wa Idara ya Takwimu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu, na nilitumwa kisiwani Tengeni kuhesabu wageni.

Tengeni ina mji mmoja tu. Una misikiti minne, kanisa moja dogo, shule, soko la samaki, na vichochoro vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja hulazimika kugeuka ubavu, na akiwa amegeuka hivyo huona haya kutomwuliza mwenzake habari za nyumbani. Ndiyo maana hakuna mtu wa Tengeni anayewahi mahali popote. Sensa ya mwisho ilikuta watu 2,316. Wageni waliofika mwaka huo walikuwa thelathini na mmoja, na tisa kati yao walikuwa wamepanda boti siyo.

Kwa ajili ya wageni hao Serikali ilijenga Kituo cha Wageni, jengo la ghorofa tatu linaloizidi minara yote minne kwa urefu. Lina ukumbi wa mapokezi na ukumbi wa kusubiria mapokezi. Lina Chumba cha Bahari. Chumba hicho kinatazama bahari, kwa hiyo madirisha yake yamezibwa kwa mbao ili mgeni asipotoshwe, na juu ya mbao imebandikwa picha kubwa ya bahari. Niliuliza ni bahari ya wapi. Nikaambiwa ni ya nchi rafiki, kwa sababu siku ya kupiga picha yetu ilikuwa na mawingu.

Chumba kinachofuata ni cha Maisha ya Wenyeji. Humo kuna sanamu ya mwanamke anayekuna nazi. Amekalia mbuzi kinyumenyume, meno ya chuma yakiwa mgongoni kwake, naye anatabasamu. Wanawake wa mjini wanaofagia Kituo waliomba mara tatu kuigeuza sanamu hiyo. Walijibiwa kwa maandishi kwamba maonyesho hayaguswi na wageni.

Nilidhani neno hilo lilikuwa kosa la mpiga chapa. Halikuwa kosa.

Mkurugenzi wa Kituo alikuwa Bwana Zefania Kitundu, aliyepata kuwa balozi katika nchi iliyovunjika bila yeye kupata habari. Alinipokea ofisini kwake akiwa amesimama, mkono mmoja kifuani, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Ndugu Karani," alisema, "wenzetu wa nje wakitaka sheria hunakili. Sisi tumekataa! Tumeketi, tumetafiti, tumezama ndani ya mila zetu hadi tukagusa chini. Na tulipoibuka, tuliibuka na Kifungu cha Nne."

Alinikabidhi Sheria ya Wageni na Wenyeji. Kifungu cha Nne kilikuwa kifupi, nami nakinukuu chote: *Mgeni ni mtu apigaye hodi. Mwenyeji ni mtu aingiaye pasipo kupiga hodi, au amkaribishaye mwingine naye akaitikia.*

"Kamati ilikaa wapi, Mheshimiwa?" niliuliza.

"Bara. Miezi minane. Hotelini mlango wa kamati ulikuwa unajifungua wenyewe."

Hapa lazima niandike jambo ambalo kamati haikulijua, au ililijua ikalipita. Watu wa Tengeni hupiga hodi hata kwao. Mume akirudi sokoni husimama kizingitini akaita, kwa sababu huenda mkewe ana marafiki waliovua mitandio. Mtoto akitoka shule huita. Mwanamke anayeishi peke yake huita nyumba ikiwa tupu, na ukimwuliza anampigia nani, atakutazama kama aliyesikia tusi.

Basi siku ya uandikishaji mji wote uliitwa Kituoni. Mlango ulikuwa wazi, na nyuma ya meza alikaa msichana wa mapokezi aitwaye Sikudhani, mzaliwa wa hapohapo, ameelekezwa kuandika neno la kwanza litakalomtoka kila aingiaye. Watu walikuja wamevaa vizuri. Mmoja baada ya mwingine walisimama mlangoni wakapiga hodi. Kufikia alasiri watu 2,315 walikuwa wametoka na kadi ya mgeni, yenye namba, picha, na maneno *Siku Tisini*.

Aliyebaki ni mmoja, Mbwana, ambaye mji humwita Upepo. Huyu tangu utotoni huingia nyumba za watu kama upepo, anafunua chungu, anaonja, anatoka. Amefukuzwa kwa mwiko, kwa ndala, na mara moja kwa aya ya Kurani. Siku ile aliingia Kituoni bila neno, akaipita meza, akafungua kabati la mafaili na kuuliza, "Chai mnaweka wapi?"

Sikudhani akaandika: Mwenyeji Namba Moja.

Wiki iliyofuata uliitishwa Mkutano Mkuu wa Wenyeji wa Tengeni. Mahudhurio yalikuwa asilimia mia moja. Ajenda ilikuwa kuukabidhi mji kwa Serikali ili ugeuzwe kuwa Mji wa Mfano, wa kutazamwa. Wakati wa kura wenyeji wote walikuwa wamelala kwenye kiti, na kwa kuwa hakuna aliyepinga, hoja ilipita.

Mimi nilipanga chumba kwa Bi Mize binti Shee, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, mkunga wa mji. Nyumba yake ilikuwa ya chokaa, iliyojengwa na babu yake, na yeye alizaliwa katika chumba nilicholala. Kwa hesabu yake mwenyewe, niliyoilinganisha na daftari la zahanati nikaikuta ina upungufu wa wawili tu, alikuwa amewapokea duniani watu 640.

"Hata kichwa cha mtoto kikiwa kimeshatokeza," aliniambia, "na mama yake anapiga makelele mtaa mzima unasikia, mimi husimama mlangoni nikapiga hodi kwanza."

"Na wakikawia kujibu?"

"Nani akawie, mwanangu? Hata mwenye uchungu hujibu, 'Karibu.'"

Barua yake ilifika asubuhi moja tukinywa chai. Alinipa nimsomee, kwa kuwa miwani yake ilikuwa ya mbali.

"Mpendwa Mgeni," nilisoma. "Tunatumaini unaufurahia ukaaji wako Tengeni. Tunakukumbusha kwamba siku zako zimebaki kumi na mbili. Nyumba unayoitumia imeteuliwa kuwa Nyumba ya Mfano wa Mwenyeji, hivyo inatakiwa iwe haina mtu. Karibu tena."

Aliweka kikombe chini. "Soma tena hapo pa 'unayoitumia'."

Nilisoma tena.

"Haya," alisema, akavaa buibui, tukaenda.

Mlangoni pa Kituo alisimama, akashika fremu ya mlango. "Hodi."

"Bi Mize, jamani!" Sikudhani alijishika kichwa. "Si ungenyamaza tu ukaingia!"

"Ninyamaze vipi, nawe nimekukuta umekaa?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa nieleze, Siku. Kitovu chako nimekikata mimi. Mama yako alitaka kukuita jina la shangazi yake, nikamwambia, hukudhani utapata mtoto, basi mwite Sikudhani. Mimi hapa ni mgeni wa nani?"

"Wa Serikali, bibi."

"Na wewe?"

Sikudhani alivuta kadi iliyoning'inia shingoni mwake akaigeuza. Mgeni Namba Saba. "Siku ya kwanza ya kazi nilipiga hodi ofisini," alisema kwa sauti ndogo. "Bosi alikuwemo. Ningefanyaje?"

"Kwa hiyo wewe mgeni ndiye unayetupokea sisi wageni."

"Kwa mkataba, bibi. Unakwisha siku moja na siku zangu."

Bi Mize alicheka kidogo, bila furaha. Kisha akauliza kama kuna njia. Ilikuwapo. Sheria nzuri haikosi njia. Kulikuwa na Mtihani wa Uenyeji: mwombaji aingie nyumba anayodai ni yake, Mkurugenzi akiwa ndani, mbele ya mashahidi watatu, bila kupiga hodi. Akifaulu, kadi itachanwa na nyumba itabaki yake. Mtihani ni mmoja tu, haurudiwi.

"Kuingia tu kwangu?" Bi Mize aliuliza.

"Kuingia tu, bibi. Kimya."

"Hilo tu?"

Hilo tu. Tulijaribu alasiri ileile, mimi nikiwa nimekaa ndani badala ya Mkurugenzi. Alipiga hodi. Tukajaribu tena, akapiga hodi. Mara ya tatu alijiziba mdomo kwa kiganja, na hodi ikatokea puani. Siku hiyo tulifanya majaribio kumi na tisa, na matokeo yalikuwa sawa yote kumi na tisa. Haikuwa ukaidi. Mguu wake ulikuwa umefungamana na ulimi. Mmoja ukifika kizingitini, mwingine unafunguka.

Siku ya pili alifanya jambo ambalo hakupata kulifanya maishani: alimwita Mbwana Upepo kwa hiari yake.

Mbwana alikuja na kadi yake ya uenyeji ikiwa na madoa ya mchuzi. Hakutoa hata salamu.

"Leo nini?" alisema, ameshafika jikoni.

"Kunde. Toka huko! Nimekuita unifundishe."

"Nikufundishe nini mimi, Bi Mize? Wewe ulinitandika ufagio Idi iliyopita."

"Unifundishe kuingia."

Mbwana alikaa kwenye kigoda akafikiri. Sikupata kumwona akifikiri kabla ya hapo, na ninaamini hata yeye alishangaa. "Kosa lako," alisema hatimaye, "unafika mlangoni unawaza kuna watu ndani. Mimi nikifika mlangoni siwazi watu."

"Unawaza nini?"

"Chungu."

Alimpitisha kichochoroni mara kwa mara, akimwambia tazama mbele, usitazame viatu vya watu, usisikilize kama kuna mtu anakohoa. Majirani walikaa barazani wakatazama. Mmoja alisema, "Lo, Bi Mize anasomea utovu wa adabu uzeeni," na wengine wakamzomea anyamaze, maana nao walikuwa wanachukua somo. Mwalimu alikuwa mkali. "Umeita tena! Rudi! Umeita kwa macho, nimekuona!"

Siku ya sita Bi Mize alipata dawa mwenyewe. Alichota maji kwenye kata, akajaza mdomo, akaingia. Hodi haikutoka. Ilitetema mashavuni ikabaki humo. Aliingia mara ishirini mfululizo, kisha akaenda nyuma ya nyumba akayatema maji na kusimama huko muda mrefu, ameegemea ukuta.

"Nimefaulu, mwanangu," aliniambia aliporudi. Macho yalikuwa mekundu. "Babu yangu angenipiga."

Mtihani ulifanyika Jumatano. Mashahidi walikuwa Sikudhani kwa niaba ya Kituo, Mbwana kwa niaba ya wenyeji wote, na mimi kwa niaba ya Takwimu. Tulipangwa sebuleni, wima, kando ya ukuta. Mkurugenzi Kitundu aliketi kwenye kiti cha kamba cha Bi Mize. Alikuwa amevua viatu. Sijui kama kuvua viatu kulikuwa katika kanuni.

Bi Mize alitokea kichochoroni, mashavu yamejaa. Watu wa mtaa walikuwa wamekaa kimya kila baraza. Alifika kizingitini. Akainua mguu wa kulia, akauweka ndani. Akaleta wa kushoto. Hatua ya pili. Hatua ya tatu. Alikuwa amesimama katikati ya sebule yake mwenyewe, na hakuna neno lililotamkwa. Mbwana alikunja ngumi kwa furaha. Nje mtu alisema, "Alhamdulillahi."

Ndipo Mkurugenzi alipoinuka nusu kutoka kitini, kama mtu mwenye adabu anavyomwinukia mzee, akanyoosha mkono kuelekea mkeka.

"Karibu, mama," alisema.

Katika Tengeni, mtu akikuinukia na kukukaribisha, kuna neno moja la kumjibu ili asijisumbue. Mtoto hulijua kabla ya kujua jina la babake. Bi Mize aliyameza maji yote kwa mkupuo mmoja, mpaka machozi yakamtoka, ili apate nafasi ya kulisema.

"Starehe, baba."

Mkurugenzi akarudi kukaa. "Amekaribishwa, ameitikia," alisema kwa upole. "Kifungu cha Nne, sehemu ya pili. Kwa hiyo mwenyeji wa nyumba hii ni mimi. Tupate mashahidi. Sikudhani?"

Sikudhani alikuwa ametazama kalamu yake. "Sikusikia vizuri, Mheshimiwa. Kunguru walikuwa wanalia."

Hakukuwa na kunguru.

"Mwenyeji Namba Moja?"

"Alikohoa," alisema Mbwana. "Yule ni mzee. Alikohoa tu."

Sheria ilitaka sauti moja ya shahidi kuthibitisha. Mkurugenzi akanigeukia. Bi Mize naye akanigeukia. Hakuniomba kitu. Alinitazama tu, kama alivyonitazama asubuhi zote akiniuliza kama chai imekolea.

Mimi nimefundishwa kwamba tarakimu ikibadilishwa kwa huruma haiwi tarakimu tena. Ninaamini hivyo mpaka leo.

"Alisema starehe," nilisema. "Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili."

Hakuna aliyenilaumu. Mkurugenzi alinishukuru kwa niaba ya Taifa na kusema kwamba watumishi wa aina yangu wamebaki wachache. Mbwana alitoka bila kuaga, lakini yeye hutoka hivyo siku zote. Bi Mize alikwenda chumbani kufunga mizigo, na alipopita karibu yangu alisema, "Umesema kweli, mwanangu." Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia. Siku mbili zilizobaki aliniwekea chai mezani kama kawaida, akaenda kunywa yake kwa jirani.

Ijumaa ilikuja meli ya Serikali. Mkurugenzi alitoa hotuba gatini. Alisema kwamba katika historia ya ulimwengu hakuna kisiwa kilichopata kuaga wageni wengi kiasi hicho kwa siku moja, na kwamba takwimu hizo zingeifikisha nchi mahali pa juu kabisa katika orodha ya utalii. Jambo hilo ni sahihi, nilizikokotoa mimi. Alitaja vazi la taifa, wimbo wa taifa, na subira ya taifa. Watu walimsikiliza mpaka mwisho wakiwa wamesimama juani na magodoro kichwani, kwa kuwa si adabu kumkatiza mtu anayezungumza.

Mbwana Upepo alikuwapo, amevaa kanzu ya kuazima. Alikwenda mtu hadi mtu akiwashika mikono.

"Nyote mnaondoka? Hata Mama Kheri? Hata wale wa nyumba ya samaki wa kupaka?" Alikuwa analia waziwazi. "Sasa mimi nitaingia kwa nani?"

"Ingia kwako, si mji wako!" alimjibu mwanamke mmoja, lakini alipokwisha kusema alimpa mkate wa kumimina uliofungwa kwenye kitambaa.

Nilisimama kwenye daraja la kupandia meli na kihesabio changu. Sikudhani alikuwa kando yangu na rejista, begi lake mgongoni, maana siku zake nazo zilikuwa zimekwisha. Watu walipanda mmoja mmoja. Kila aliyefika mwisho wa daraja alisimama, akashika ukingo wa chuma, akapiga hodi. Mabaharia hawakujua wajibu nini. Baada ya watu kama mia hivi, wakiona daraja limeziba kwa watu wanaosubiri kujibiwa, waliniomba niwe najibu mimi. Nikawa najibu. Hodi. Karibu. Hodi. Karibu. Nilisema hivyo mara elfu mbili na zaidi, na kila aliyekaribishwa aliitikia, pamoja na wale waliokuwa barazani siku ya mtihani.

Bi Mize alikuja karibu na mwisho. Alikuwa na furushi moja na kata ya maji. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, lakini mashavu hayakuwa na kitu. Hakushika ukingo. Hakusimama. Hakutazama kama kuna watu.

"Karibu, Bi Mize," nilisema.

Alinipita kama mtu anavyopita nguzo, akaenda kukaa kwenye benchi la mbele, akaupa uso ukuta wa meli.

Sikudhani alikuwa ameinua kalamu. "Hajapiga hodi," alinong'ona. "Na umemkaribisha hajaitikia. Nimwandike nini?"

Nilitoa Sheria mfukoni nikasoma Kifungu cha Nne, kisha nikakisoma tena, kwa sababu nyuma yetu watu walikuwa wanasubiri na sikutaka kukosea. Kilimjua aingiaye pasipo hodi, lakini juu ya akaribishwaye asiitikie hakikuwa na neno. Nikamwambia aache nafasi wazi, nikahesabu aliyefuata.